Kufuli Linalodanganya Vidole

Geti nyingi za chuma zinazochomelewa na mafundi wa jua kali wa Meru na Embu zina kisanduku kinachofunika kufuli. Mkono wa mwenyewe unapita chini. Mkasi wa kukatia vyuma haupati pa kuuma. Ni ubunifu mzuri, lakini kisanduku hicho hakimzuii mwizi anayefungua kufuli kwa waya, kwa sababu yeye hategemei macho. Hutegemea vidole.

Ndani ya kufuli mna silinda na safu ya pini zinazosukumwa na springi, kila pini ikiwa vipande viwili. Ufunguo halali huinua pini zote hadi mikato yake ilingane na ukingo wa silinda, nayo ikazunguka. Linus Yale mdogo, Mmarekani, aliupa mtambo huo umbo tunalolijua mnamo 1861, ingawa asili yake ni komeo la mbao la Misri ya kale.

Udhaifu uko kwenye uchongaji. Tundu za pini hazikai katika mstari ulionyooka kabisa. Silinda ikikazwa kidogo, pini moja hubana kabla ya nyingine. Mwizi huiinua hadi ahisi imetulia, kisha huifuata inayobana baadaye.

Msanifu ana njia tatu za kumkwamisha. Ya kwanza ni kuchonga kwa usahihi na kuongeza pini. Ya pili ni kuvidanganya vile vidole: pini huchongwa kiuno chembamba kama cha nyigu, silinda ikageuka kidogo, mwizi akadhani ameshinda, kumbe pini imenasa. Ya tatu ni kuondoa springi. Mwaka 1907 Emil Henriksson wa Finland alibuni kufuli la visahani vinavyozungushwa na ufunguo wenyewe.

Hata hivyo, hakuna kufuli lisiloshindika. Lile la Joseph Bramah liliwekewa zawadi London mnamo 1790 kwa yeyote atakayelifungua, likadumu zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851 Alfred Hobbs alilifungua kwa takriban saa 51, katika siku 16.

Kwa hiyo kufuli hukuuzia muda tu. Ewe mwenye duka au ghala la kahawa, kisanduku cha fundi usikiache, ila ndani yake usitundike kufuli la pini tatu.