Miche yako imekuwa kama nyuzi? Itoe nje

Umepanda nyanya kwenye mikebe ndani ya chumba chako pale Voi. Siku kumi tu na miche imerefuka, imepauka, inalala upande. Usijipongeze eti inakua haraka. Inatafuta mwanga! Mche ukikosa jua hutumia akiba yake kurefuka, na shina linabaki jembamba.

Ukiipeleka hivyo Sagalla, jua na upepo wa huko vitaimaliza. Ndovu wa Tsavo wakulima wa Sagalla huwazuia kwa ua wa mizinga ya nyuki, lakini mche mlegevu hufa hata kabla ndovu hajanusa. Na mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, hazitakungoja usie mbegu upya.

Basi anza leo. Toa mikebe nje asubuhi jua likiwa pole, kwa muda mfupi, kisha uirudishe kivulini. Ongeza muda kila siku kwa wiki nzima. Punguza maji kidogo, ila isinyauke. Iliyosongamana, ng'oa mingine (inauma, najua). Halafu pitisha kiganja juu yake taratibu mara kadhaa kwa siku. Majirani watakucheka, lakini mche unaotikiswa, kama upepo unavyofanya, hupunguza kurefuka na kunenepesha shina.

Siku ya kuhamisha, subiri jioni. Nyanya ina bahati: zika shina hadi karibu na majani ya chini, litaota mizizi hapo hapo. Sukuma wiki pia izike kiasi, ila usifunike kichipukizi cha katikati. Mwagilia, kisha ufunge kila mche kwenye kijiti, bila kukaza.