Taa za Dagaa: Werevu wa Mvuvi Una Mpaka Wake

Ukisimama ufukoni Ujiji au Katonga usiku usio na mwezi, ukatazama magharibi upande wa Kongo, utaona taa nyingi juu ya maji kama kwamba kuna mji mwingine umejengwa ziwani. Mgeni huuliza, "Ule ni mji gani?" Mwenyeji hucheka na kumjibu, "Si mji, bwana. Wale ni wavuvi wa dagaa."

Kila taa uionayo pale ni chambo. Mvuvi wa ndoana hutia nyama. Mvuvi wa dagaa hutia mwanga. Samaki hafukuzwi. Huja mwenyewe, amevutwa na kitu akipendacho, wala haoni wavu uliomo chini yake. Kwa sababu hiyo wako watu wanaouliza: Je, ni haki kumnasa kiumbe kwa hila namna hii? Tena wako wanaouliza neno la pili: Ikiwa hila hii yatufaa leo, je, itawafaa na watoto wetu? Maswali haya yanaigusa nyumba yako, maana nyumba nyingi za mwambao huu hupata chumvi, nguo na ada ya shule kutokana na dagaa. Basi tuyatazame pamoja.

MWANGA UNAVYOFANYA KAZI

Mchana dagaa hukaa chini majini, mbali na macho ya adui zao. Jua likishatua hupanda juu kutafuta vijidudu vidogo sana ambavyo ndivyo chakula chao. Hapo mvuvi huwasha taa, akangoja. Dagaa wakikusanyika kuizunguka, wavu huinuliwa kutoka chini, nao hujikuta wamezingirwa. Mara nyingi migebuka hufuata nyuma, maana hao ndio walao dagaa. Aliyekuja kula, naye huliwa.

Werevu huu si wa jana. Wazee walikuwa wakiwasha moto wa kuni kwenye omo la mtumbwi, wakachota dagaa kwa lusenga, yaani wavu wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 karabai zilianza kuchukua mahali pa kuni. Ikaja kipe, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu mkubwa ukashushwa katikati yake. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za umeme wa jua, zisizozimwa na upepo wala kula mafuta. Basi mwanga umezidi, nyavu zimezidi, na wavuvi wamezidi. Ziwa peke yake halikuzidi.

Hata hivyo chambo hiki kina adui mmoja, naye ni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima huwa na mwanga na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Kwa sababu hiyo wavuvi wana desturi ya kupumzika siku hizo, wakashona nyavu na kuziba mitumbwi. Mwezi umekuwa kama askari wa ziwa: kila mara huwapa dagaa likizo yao, wala hapokei rushwa.

JE, NI HILA MBAYA?

Hebu tuanze na nchi kavu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda mnyama kwa chambo, kwa sumu, kwa mitego au kwa taa usiku, ila kwa kibali. Mwindaji anayemmulika pongo usiku hata akaduwaa, kisha akampiga, amevunja sheria. Mvuvi anayemmulika dagaa hana kosa. Huenda ukasema, "Mbona sheria ina mizani miwili?"

Sababu ipo. Pongo jike huchukua mimba kadiri ya miezi sita, akazaa mtoto mmoja. Ukimwua mama huyo kwa urahisi, umefunga mlango wa kizazi. Dagaa hutaga mayai mengi sana, na maisha yake ni kadiri ya mwaka mmoja au kupita kidogo. Asipovuliwa na mtu ataliwa na migebuka, au atakufa kwa umri wake. Hila ni ile ile, lakini madhara yake si yale yale. Tena kumvuta samaki kwa taa si sawa na kumdanganya jirani sokoni. Jirani ana haki ya kuambiwa kweli. Samaki tumepewa awe chakula. Mitume wa Ziwa la Galilaya nao walikuwa wavuvi wa usiku, wala hatusomi kwamba walikatazwa kazi hiyo.

Basi taa si dhambi. Lakini chakula ulichopewa si ruhusa ya kuiharibu ghala.

FUNZO LA GOMBE

Chambo kina jambo jingine la kufikiri. Mwezi wa Julai, 1960, marehemu Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ili kuwachungua sokwe. Mwanzoni walimkimbia. Toka mwaka 1962 ndizi zikaanza kuwa chambo cha kuwaleta kambini. Ndizi zilifanya kazi vizuri: sokwe walikuja, akawaona karibu, na dunia ikajifunza mambo mengi. Lakini sokwe wengi wakazoea kukusanyika mahali pamoja, wakagombana kuliko walivyokuwa wakigombana msituni, na nyani nao wakaja kudai fungu lao. Kabla miaka ya 1960 haijaisha, ugawaji wa ndizi ulipunguzwa sana.

Unaona, msomaji? Hakuna aliyetaka kuwadhuru sokwe wale. Chambo kilifaulu, na kufaulu kwake ndiko kulikoleta taabu. Kwa hiyo usipime chambo kwa wingi wa kile unachokipata asubuhi tu. Pima pia kile unachokiacha nyuma.

ZIWA SI KISIMA KISICHOKAUKA

Watu hupenda kusema, "Tanganyika haina mwisho." Ni kweli kina chake chafika mita 1,470, na duniani hupitwa na ziwa la Baikal tu. Lakini samaki hawaishi humo mote. Ukipita kadiri ya mita 100 upande wa kaskazini, au 200 upande wa kusini, maji hayana hewa ya oksijeni ya kumtosha samaki. Sisi sote, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, tunavua katika ngozi ya juu ya ziwa.

Tena ngozi hiyo inapata joto. Upepo wa kusini wa kiangazi huyakoroga maji na kupandisha juu rutuba iliyo chini; maji ya juu yakiwa na joto mno, hayachanganyiki vema. Mwaka 2003 wataalamu waliandika katika jarida la Nature kwamba mimea midogo ya ziwani, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula chote cha samaki, imepungua uzazi wake kwa kadiri ya asilimia 20, na kwamba hilo laweza kupunguza samaki kwa kadiri ya asilimia 30. Wengine mwaka 2016 walionyesha kwamba kupungua huko kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara.

Kwa hiyo si haki kumtwika mvuvi lawama yote. Lakini shamba likipungukiwa rutuba, mkulima mwenye akili hazidishi mavuno kwa nguvu. Ndiyo maana Serikali ililifunga ziwa upande wetu toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mwaka 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Miezi mitatu hiyo ilikuwa migumu kwa mwenye deni na kwa mama mchuuzi, wala tusiwabeze walionung'unika. Lakini njaa ya miezi mitatu ina mwisho. Ziwa tupu halina.

MPAKA WA HILA

Basi mvuvi mwenye taa na ajiulize maneno manne.

Kwanza, nawasha taa wapi? Karibu na ufuko ndipo samaki wengi wadogo hukulia. Kuwavuta hapo ni kuvuna mahindi yakiwa maua.

Pili, wavu wangu una macho gani? Taa huita wakubwa na wadogo bila kuchagua. Kazi ya kuchagua ni ya wavu. Anayeshona chandarua cha mbu ndani yake ameondoa uchaguzi wote. Chandarua ni cha kumlinda mtoto kitandani, si cha kumwua mtoto wa samaki.

Tatu, naheshimu mwezi? Ukinunua taa kali ili kuushinda mwezi, umemfukuza kazi yule askari asiyepokea rushwa.

Nne, nikisha kuvua, nahifadhije? Hapa akina mama mna neno. Dagaa wakianikwa mchangani hushika mchanga, na mvua ikinyesha huoza. Wakianikwa juu ya vichanja hukauka upesi, huwa safi, na bei yake huwa nzuri. Dagaa aliyeoza ufukoni ameuawa bure, na mumeo atarudi ziwani usiku wa pili kutafuta fidia yake.

Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Dagaa hufa kwa kuufuata mwanga asiouelewa. Mwanadamu ana akili kuliko dagaa. Asije naye akaufuata mwanga wa fedha ya usiku mmoja mpaka akajikuta wavuni pamoja na watoto wake. Zungumzeni haya nyumbani leo jioni, baba pamoja na vijana wanaojifunza kazi, kabla ya mitumbwi kushushwa majini.