Anemoni ya Mlimani: Ua Lisilokubali Uhamisho

Familia za askari zimezoea uhamisho: leo kambi hii, kesho kambi ile, na vyombo vyote hufungwa kwa siku moja. Lakini lipo ua ambalo uhamisho huliua. Nalo ni anemoni ya milima ya Alps, huko Ulaya.

Mmea huu huota katika malisho ya milimani, nchini Uswisi, Austria, Italia na Ufaransa, nao huchanua mara theluji iyeyukapo, kati ya Mei na Julai. Maua yake ni meupe. Lakini iko aina nyingine yenye maua ya manjano, ipendayo udongo usio na chokaa. Maua yakipukutika, mbegu hubaki zimevaa manyoya marefu mfano wa ndevu za mzee, ili upepo uzichukue.

Uzuri huo umewavuta watu kuung'oa mmea huo mlimani na kuupeleka bustanini. Hasara huwa mara mbili. Mzizi wake mkuu hushuka chini sana, na ukikatika, mmea hufa. Hivyo mlima hupungukiwa, na bustani haipati kitu.

Njia iliyo sawa ni kupanda mbegu. Zipandwe mara zikomaapo, kwani zikiwekwa muda mrefu hupoteza nguvu. Chungu kiwe kirefu, na udongo uchanganywe na changarawe ili maji yasituame. Kikae nje majira yote ya baridi, maana baridi ndiyo iziamshayo mbegu. Miche ipelekwe mahali pake pa kudumu ingali midogo, penye jua, kisha isiguswe tena. Ua la kwanza huenda likangojewa miaka 3, 4 au zaidi. Mvumilivu hula mbivu.

Lakini tahadhari! Mmea huu una sumu, na utomvu wake huweza kutoa malengelenge. Anayeushika avae glavu, na watoto wasiutie kinywani.

Bustani zetu za joto haziufai mmea huu, kwa kuwa hazina majira ya theluji. Hata hivyo, juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya huota ndugu yake, anemoni iitwayo kitaalamu Anemone thomsonii. Ndugu msomaji, ukijaliwa kupanda milima hiyo, litazame ua hilo, uwaonyeshe wanao, kisha uliache pale pale lilipozaliwa.