Jicho Linapoamuru, Sikio Linapothibitisha: Nafasi ya Sauti katika Violesura vya Kufuatilia Macho

Kwa mtu ambaye maradhi ya neva yamemnyima matumizi ya mikono na ulimi, macho huweza kubaki njia pekee ya kuwasiliana. Kompyuta inayofuatilia macho humwezesha kuandika: kamera hunasa mmeto wa mwanga wa infraredi kwenye konea pamoja na mahali ilipo mboni; programu hukadiria sehemu ya skrini inayotazamwa; na herufi iliyokaziwa macho kwa muda uliowekwa huchaguliwa. Makala haya yanafafanua kwa nini kiolesura cha aina hiyo huhitaji sauti, na ni sauti ipi inayofaa.

Tatizo la msingi lilielezwa na Robert Jacob mwaka 1990 kwa mfano wa mfalme Midas wa ngano za Kiyunani, ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu. Kazi ya jicho ni kutafuta, si kuamuru. Huruka mara tatu hivi kwa sekunde, aghalabu bila kukusudiwa. Kiolesura kinachochukua kila mtazamo kuwa amri huchagua yasiyotakiwa. Kinachosubiri mno humchosha mtumiaji. Isitoshe, jicho huona kwa ukali eneo dogo tu la katikati, lenye upana wa takriban digrii 2. Anayetazama kibodi hawezi papo hapo kukagua matini anayoyaandika, na kila anapohamisha macho ili ahakikishe, uandishi husimama.

Sikio, kwa upande wake, hupokea habari bila kuelekezwa popote. Mlio mfupi unaotolewa mara tu herufi inapochaguliwa huliachilia jicho lihamie herufi inayofuata. Päivi Majaranta na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo ya majaribio yanayothibitisha hoja hii: mlio mfupi ulioambatana na ishara ya kuonekana uliboresha uandishi wa macho. Kutamka jina la kila herufi, kinyume chake, kuliwafanya watumiaji wasite ili wasikilize. Na muda wa kukazia macho unapokuwa mfupi, kusita huko huweza kuichagua herufi ileile mara ya pili.

Hivyo, kazi mbili za sauti zinapaswa kutenganishwa. Mlio huarifu kwamba uteuzi umetimia. Matamshi hueleza kilichoandikwa, na mahali pake ni mwisho wa neno. Tofauti hii ina uzito wa pekee katika Kiswahili, lugha ambishi. Neno "hawatakuelewa" lina herufi 13: kuzitamka moja moja ni mzigo, ilhali milio 13 ikifuatwa na neno zima hutosha. Aidha, herufi moja hugeuza maana: "hatakuja" ikipoteza "h" huwa "atakuja". Kosa hilo mlio hauwezi kulifichua. Neno linalotamkwa hulifichua mara moja.

Kwa washauri wa sera, ubora wa kamera pekee si kigezo cha kutosha wakati wa kuchagua vifaa vya wenye ulemavu. Inafaa kuchunguzwa iwapo mlio hutoka bila kuchelewa, iwapo mtumiaji anaweza kurekebisha muda wa kukazia macho, na iwapo kifaa hutamka Kiswahili kwa viambishi vyake kamili. Kifaa kisichotimiza sharti la mwisho humwachia mgonjwa na muuguzi wake mashaka kuhusu kauli ambayo pengine ndiyo pekee aliyoweza kuitoa siku hiyo.