Kivuli cha Bati, Kivuli cha Mkuyu

Msomaji wa Rongo anauliza: mbona akikaa chini ya mti joto humtoka, ilhali chini ya bati la kibanda chake sokoni anaiva, na kote ni kivuli? Anaongeza kwamba alipelekwa Thimlich Ohinga kutazama kuta za mawe, akaishia kupenda zaidi vichaka vinavyozizunguka, ambako kichwa chake kilitulia.

Kuta zenyewe nitaziruka. Zimeandikwa vya kutosha tangu UNESCO ilipoziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Tuingie kichakani.

Bati kuukuu lenye kutu likipigwa na jua la saa saba linaweza kupita nyuzi 60. Mwanga limeuzuia, ndiyo, lakini joto lake linakumulika utosini kwa mionzi usiyoiona. (Tundika mkeka wa mafunjo chini ya bati, utapata nafuu.) Jani la mkuyu chini ya jua lilelile halipandi hivyo. Hukaa karibu na joto la hewa, na kinacholiokoa ni maji.

Mwenye mtungi wa udongo nyumbani anaijua fizikia hii hata kama hakuisoma. Maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, hutokeza nje, huwa mvuke, na yakiondoka huondoka na joto la mtungi. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta haupozi, na uliowekwa penye upepo hupoza kuliko uliofichwa pembeni. Joto linalobebwa si haba. Kuchemsha lita moja ya maji kunataka kilojuli 300 na kitu. Kuigeuza yote mvuke, hata bila kutokota, kunataka zaidi ya 2,000. Mti mkubwa unaweza kutoa lita 100 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Ila mtungi huvuja jasho tu, haujui kujizuia. Jani lina milango. Shuleni tuliiita stomata. Wapo wanaosema vinyweleo, neno linalonikumbusha kwapa, kwa hiyo mimi nasema vinywa. Kila kinywa kina seli mbili za ulinzi: zikijaa maji hupindana na kuachana, kinywa kikafunguka, zikinywea hulaliana, kikafunga. Tena mtungi hujazwa kwa ndoo, na mti hauna pampu wala moyo. Molekuli za maji hushikana, kila inayoponyoka jani ikiivuta iliyo nyuma yake, na mvuto huo hushuka ndani ya shina hadi mzizini. Jua linalokuchoma sokoni ndilo linaloteka maji udongoni na kuyapandisha hadi kileleni, bure, bila kelele. Sijawahi kulizoea jambo hili.

Na kichwa kutulia? Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984, huko Marekani, kwamba wagonjwa wa upasuaji ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitalini mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019 utafiti wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza uliona kuwa waliopata angalau dakika 120 kwa wiki penye miti na nyasi walijieleza kuwa na afya na furaha zaidi. Huenda wenye afya ndio wanaotoka sana, haya, tuendelee.

Kwa utulivu huo huhitaji kufika hifadhi ya Ruma kumtafuta swala aina ya korongo, hasa ukijua mbung'o wa huko bonde la Lambwe. Tafuta mkuyu, yaani ng'owo, kando ya mto Kuja. Hasa Februari: miti ya mlimani ikikosa maji hufunga vinywa, na ubaridi wake hupungua, lakini mti wenye mizizi karibu na mto bado unakunywa.