Je, Wajua Nani Anakupigisha Chafya Alfajiri?

Je, wajua kwamba chafya zinazokuandama kila unapotandika kitanda huenda hazihusiani kabisa na vumbi la barabarani? Mtu huamka pua imeziba, macho yanamwasha, anapiga chafya mfululizo. Ikifika saa nne, akiwa kazini, ametulia. Husingizia feni au mafua yasiyokwisha. Mara nyingi chanzo kimo ndani ya godoro na mto wake, nacho ni utitiri wa vumbi.

Utitiri huu ni jamaa wa buibui na kupe. Uliokomaa una miguu minane na mwili mweupe wenye urefu wa robo milimita hivi. Hauna macho wala mapafu. Hewa hupenya kwenye ngozi yake. Tofauti na kunguni, hauumi wala haunyonyi damu. Chakula chake ni magamba ya ngozi yetu yanayopukutika usiku kucha, hasa yakishalainishwa na kuvu. Unaojulikana zaidi duniani ni Dermatophagoides pteronyssinus. Katika nchi za joto, Blomia tropicalis nao umejaa tele.

Kinacholeta balaa ni kinyesi cha utitiri. Utitiri mmoja hutoa vidonge kama 20 kwa siku, na hamsini vikipangwa mstari mmoja hufika milimita moja hivi. Ndani ya kidonge mna Der p 1, kimeng'enya kilichosaidia kusaga chakula tumboni mwake. Kidonge kikitua puani, ute hukilainisha, kimeng'enya kikatoka na kuanza kukata viungio vinavyoshikanisha seli za utando wa pua. Protini hupenya hapo. Kwa mwenye mzio, kinga ya mwili huiona kama adui na kumwaga kemikali iitwayo histamini: pua huwasha, kamasi hutiririka, macho huvimba. Kwa mwenye pumu, mirija ya mapafu hubana.

Madaktari walijua tangu zamani kwamba vumbi la nyumbani huwasumbua watu, ila hawakujua ni kitu gani ndani yake. Mwaka 1964, Reindert Voorhorst, Frits Spieksma na wenzao wa Leiden, Uholanzi, walielekeza kidole kwa utitiri.

Udhaifu wake mkubwa ni maji. Haunywi; hufyonza mvuke hewani kwa tezi zilizo karibu na miguu ya mbele. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa, hukauka na kufa. Ndiyo maana wenye pumu wa Ulaya walipelekwa Davos, juu milimani Uswisi, ambako hewa ni kavu na utitiri ni haba. Mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja hana bahati hiyo: hewa ya pwani ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, kwa hiyo vita vyake ni vya kitandani.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, yaani yasiyovumilika mkononi. Maji baridi na sabuni hayaui utitiri wote, lakini huondoa sehemu kubwa ya kinyesi. Mwanasesere wa mtoto awekwe kwenye friza siku nzima, kisha afuliwe, kwani baridi huua utitiri ikaacha uchafu wake. Jua kali hufaa kwa mkeka na zulia jembamba. Godoro nene hupata joto juu tu huku utitiri ukijificha ndani. Godoro na mto vivalishwe mfuko wa zipu wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Hata ile nailoni ya dukani ambayo wengi hawaitoi huzuia utitiri, ingawa hulowesha mtu jasho.

Chumbani, sakafu tupu inayopigwa deki ni bora kuliko kapeti. Ufagio mkavu hurusha vidonge hewani, navyo ni vizito kiasi cha kutua tena ndani ya nusu saa hivi. Mwenye mzio akae nje wakati huo. Dawa ya mbu ya kupuliza haiondoi kinyesi, na harufu yake yaweza kuamsha pumu.

Hata hivyo, hatua moja pekee haitoshi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003, uliohusisha watu wazima zaidi ya 1,100 wenye pumu, ulionyesha kwamba kufunika godoro na mito bila kufanya jambo jingine hakukuwapa nafuu. Basi unganisha njia kadhaa, umwombe daktari akupime mzio kwa kuchoma ngozi kidogo, na kama umeandikiwa dawa ya pumu ya kuvuta kila siku, usiiache kwa sababu umenunua mfuko wa godoro.