Je, Wajua? Piano ya Havana na Rumba Yetu

Je, wajua kwamba Ignacio Cervantes, mpiga piano aliyezaliwa Havana mwaka 1847, alitunga danza (vipande vya piano vya mtindo wa dansi) karibu 40, na nyingi hazifiki dakika mbili? Sehemu mbili tu, halafu basi. Ni fupi kweli, lakini ukiisikiliza moja utataka irudiwe.

Je, wajua alisomea Paris? Mwaka 1866 alitwaa tuzo ya kwanza ya piano huko, kisha akarudi kwao Cuba.

Je, wajua alifukuzwa nchini kwa sababu ya maonyesho yake? Yeye na mpiga fidla José White walizunguka Cuba wakipiga muziki, na fedha za kiingilio zikawaendea waliopigania uhuru dhidi ya Hispania. Mwaka 1875 wakuu wa serikali ya kikoloni wakawaamuru waondoke. Cervantes alirudi 1879. Vita vilipoanza upya 1895, akaondoka tena.

Je, wajua mdundo uliomo ndani ya danza za Cuba? Gonga meza: taa-ta-taa-ta-taa. Mapigo matano, refu na fupi yakipokezana. Wacuba huuita sinkiyo. Uliingia mashariki mwa kisiwa na watu waliokimbia vita vya Haiti vilivyoanza 1791, na asili yake ni Afrika. Katika mashamba ya miwa ya Haiti na Cuba walikuwamo maelfu ya Wakongo waliopakiwa merikebuni kama watumwa kwenye pwani ya magharibi ya Kongo yetu.

Je, wajua danza ilizaa dansi nyingine ya Cuba, danzoni? Mwanamuziki Miguel Failde alipiga ya kwanza iliyojulikana sana, mjini Matanzas, tarehe 1 Januari 1879. Miaka ya 1950 Enrique Jorrín akatoa chachacha ndani ya danzoni hiyo hiyo.

Je, wajua muziki huo ulirudi Kongo kwa santuri? Tangu miaka ya 1930 santuri za mfululizo ulioitwa G.V. zilijaa nyimbo za Cuba, na vijana wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) wakazipokea kama mali yao. Walikuwa na haki. Rumba tunayoicheza hapa Tunda, Maniema, imepita njia hiyo.

Na je, wajua kwamba mwaka 1960, Brussels, Joseph Kabasele na African Jazz walipoimba uhuru wetu, waliuimba kwa chachacha? "Indépendance Cha Cha" inawataja viongozi kwa majina, na mmoja wao ni Patrice Lumumba, aliyewahi kuwa kijana mfanyakazi Kalima, hapa hapa Maniema.